Winchi Mpya ya Landrova

Kang'ata, Handeni

Kaka Raymond, shikamoo.

Huku mvua haijatuacha. Mahindi yanaendelea vizuri, mama anakusalimu, na mimi nimechoka tu kuendesha Landrova ya Baba kila siku.

Nimeifungia winchi mpya ya kujivuta inapokwama. Fundi wa Korogwe alinisifia ya waya wa chuma, lakini nilichagua ya kamba ya nailoni, maana ikikatika hairuki kwa nguvu kama waya.

Juzi nilikuwa nampeleka jirani yetu Maryamu kujifungua Korogwe. Baba alipanda mbele, alikuwa na siku yake ya kliniki. Kabla ya Mkata gari likazama kwenye tope. Nikafunga kamba kwenye shina la mti.

"Salome, tandika blanketi juu ya kamba," Baba akasema dirishani. "Watu wote wakae mbali. Sasa vuta, polepole."

Gari likatoka. Maryamu amejifungua salama, mtoto wa kike.

Tulipokaa kwenye benchi la hospitali, Baba akasema, "Mwandikie kaka yako."

"Si ulinikataza?"

"Sasa mwambie."

Basi kaka, mwezi wa tatu waya wa winchi ya zamani ulikatika Baba akivuta gari, ukampiga mguu wa kulia. Madaktari waliukata juu ya goti. Hakuwahi kulia, mpaka juzi pale kwenye benchi, alipotaja jina lako.

Njoo nyumbani, kaka. Peke yangu siwezi tena.

Mdogo wako,
Salome