Mtangazaji Aliyesahau Mabao

Nasimiyu mjukuu wangu,

Huku Kamukuywa sote tu wazima. Babu yako amenunua simu ya mkononi, na hupaza sauti ili ifike Nairobi.

Unauliza kama uache voliboli kwa kuwa watangazaji wanasifu mapaja yenu tu. Nikiwa msichana tulicheza netiboli Kitale, na mtangazaji alikuwa Wafula, mume wa dada yangu. Alipofikia kusifu mapaja yangu, mama akasimama kati ya watazamaji. Kwetu mtu na mama mkwe wake hata hawatazamani.

"Mkwe, mapaja tumesikia. Sasa mabao ni mangapi?"

Wafula hakujua. Aliangusha kipaza sauti, akajificha nyuma ya tangi la maji. Mama akakiokota, akatangaza mabao mpaka mwisho, ingawa ya wapinzani aliyanong'ona.

Cheza, mama. Hata watangazaji wa Nairobi wana mama wakwe.

Nyanya yako