Kusoma Kwanza, Kuandika Baadaye

Jumatatu, 4 Machi

Nimeiweza! Wiki nzima nyimbo zilikuwa zinakatika hewani, Bosi ananitania kwamba mimi ni fundi wa kukata nyimbo. Tatizo: redio yetu ina kompyuta moja, diski moja. Wimbo ukienda hewani, diski inausoma. Mtu akirekodi studio ya pili, diski hiyo hiyo inaandika sauti yake. Kusoma na kuandika vikigombania diski, wimbo unakwama. Leo nimeipa amri — kusoma kwanza, kuandika baadaye. Tangu saa nne mpaka jioni, hakuna hata kigugumizi. Bosi kaniletea soda kwa mkono wake mwenyewe!

Mchana Mjomba alikuja kurekodi. Miaka thelathini alisoma taarifa ya habari hapa, na kazi hii nimeipata kwa mdomo wake. Ijumaa anafanyiwa upasuaji, wanamtoa kisanduku cha sauti kooni. Hataongea tena. Saa nzima alizungumza na mjukuu ambaye bado hajazaliwa. Nilitoka nje, niliona haya kusikiliza.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua rekodi ya Mjomba. Ina mashimo. “Mama yako alipokuwa mdogo ali—” kimya — “basi tukacheka sana.” Mashimo arobaini na moja.

Ni mimi. Kusoma kulipita mbele kila mara, kuandika kukakaa foleni, foleni ikajaa, kilichozidi kikatupwa. Bila onyo lolote. Na mimi nakunywa soda!

Nimejifungia stoo nikalia. Kisha nikanawa uso.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia Mjomba. Nilijua atafoka. Kauliza tu kama hadithi ya baiskeli aliyomsimulia mjukuu imetoka. Haikutoka. Aliyewaka ni mkazamjomba: mtu sauti imebaki uzi, nanyi mnaimwaga!

Nikasema basi nirekodi kwa simu. Mjomba kagoma — hamwachii mjukuu sauti iliyotoka ndani ya debe. Anataka maikrofoni yake. Kesho saa tatu asubuhi, kabla hajaenda kulazwa. Saa ya matangazo ya biashara! Bosi kasema nirekodi nikitaka, ila tangazo likikwama, Ijumaa nisije.

Sawa. Nimepanga hivi: sauti yoyote ikisubiri kuandikwa zaidi ya sekunde mbili, inapita mbele. Kazi ya kutengeneza nakala za akiba, inayokula diski hiyo hiyo, nimeisimamisha kabisa. Nimejaribu mara sita, nikisoma gazeti kwa sauti mpaka koo likakauka. Hakuna shimo. Simpotezi mara ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Saa tatu na robo. Naandika hapa hapa mezani, jicho kwenye skrini. Mjomba yuko kwenye maikrofoni. Sauti ina mikwaruzo, lakini ni yake.

Matangazo yanafuatana bila kupumua. Jana sikujaribu na matangazo mfululizo hivi! Diski kuukuu hii haitoshi kusoma na kuandika kwa pamoja. Foleni ya kuandika imefika nusu.

Sasa foleni imefika robo tatu.

Anamwimbia mjukuu. Jumatatu hakuimba.

Nimebadilisha. Kuandika kwanza! Kusoma kungoje.

Foleni inashuka. Hewani tangazo la sabuni limekwama — po, po, po — halifiki kwenye povu. Simu inalia. Bosi yuko nyuma ya kioo, anagonga kwa kiganja. Mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Mjomba kamwona. Kanyamaza, ananitazama — aache?

Nimemzungushia mkono: endelea.