Inshallah ya Mashine

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimechoka. Kutwa nasikiliza watu wakikata simu. Mashine ya kujibu simu tuliyoitengenezea kampuni ya maji ya Mfereji Safi ina sauti yangu mimi, na inasema neno moja tu: maji yatarudi leo jioni. Watu wanakata, kisha wanapiga tena kutaka mtu. Nayan, bosi wangu, anasema inaongea kama tangazo la uwanja wa ndege. Isipoongea kama mtu wa Malindi kufikia mwisho wa mwezi, mteja anaondoka — na mimi pia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata! Nani huku anaahidi jambo la jioni bila inshallah? Nimerekodi upya. Pole kwanza, halafu "yatarudi jioni, inshallah," nikaivuta kidogo kama ninavyoisema nyumbani. Nayan kafurahi. Abdalla, fundi wetu wa kompyuta, kaniuliza, mashine ikisema inshallah, anayenuia ni nani. Nikamwambia ni maneno tu, kazi iende.

Jumatano, 13 Agosti
Malalamiko yamepungua nusu. Nayan kaagiza sambusa. Nikauliza, na maji yenyewe? Kumbe pampu imekufa tangu wiki jana, hakuna ajuaye itatengenezwa lini. Mashine haikuambiwa. Kila siku jioni, kila siku inshallah — na watu wanaishukuru, wanaiombea dua. Nimewasikia. Nikamwomba Nayan tuseme ukweli, au angalau tuitoe ile inshallah. Akajibu kwa upole kwamba mteja ameipenda hiyohiyo. Naona haya. Sambusa sikuila.

Jumamosi, 16 Agosti
Mambrui, kwa mama. Leo baada ya magharibi ni hitma ya kumwombea marehemu baba. Watu watakuja, watataka kutawadha, watataka kula. Nimekuta ndoo na madumu yamepangwa uani, yote matupu. Mchele haujaoshwa. Nikamuuliza mama kwa nini hajanunua maji kwa mwenye mkokoteni.

"Alikuja, nikamrudisha," akasema. "Nilipiga ile nambari, Hafswa. Wewe mwenyewe umenambia jioni, inshallah. Nikanunue ya nini?"

Na anajua ni mashine! Nilishamweleza. Lakini sauti ni ya mwanawe.

Nimezunguka mtaa mzima, wa mkokoteni hayupo. Nimerudi, nimeketi barazani, naandika ili nisiingie ndani. Alasiri imeshaadhiniwa. Mama amesimama mlangoni, hana hasira hata kidogo. Anauliza tu jioni ile niliyosema ni saa ngapi, ajue ateleke lini —