Glasi ya Baba Yenye Pilipili

Dada mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, nakujulisha kwamba nimevuliwa cheo cha kumtengenezea baba vinywaji. Baada ya hayo, hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima wa mwili. Roho ndiyo yenye homa.

Unajua tangu daktari amkataze baba bia, jioni za joto mimi ndiye niliyekuwa nikimpoza kwa maji ya ndimu. Basi wifi yetu, mke wa kaka, kaja na mtungi wa chai iliyochachushwa. Ndani yake unaelea utando kama ngozi ya uji. Anaulisha sukari na kuufunika kitambaa utadhani kichanga. Chai ikishatoa mapovu, huimimina juu ya maji ya nyanya, ndimu na pilipili, kwenye glasi aliyoipaka chumvi mdomoni. Baba alionja, akafumba macho, akasema mkwewe kamrudishia bia bila dhambi zake. Mimi nikaulizwa kama naweza kuosha glasi. Nikacheka, kwa meno tu.

Nilimwomba wifi kipande cha utando. Akanipa kikubwa na kunitakia heri, jambo lililoniudhi zaidi. Akaniasa niuweke kivulini, nisiwe na haraka. Lakini sherehe ya baba ya kustaafu inakaribia, naye alishasema kinywaji kitakachomkosha Jumapili ndicho kitakachonywewa siku hiyo. Nikautia kwenye chai ya sukari, nikaianika dirishani, juani, ichachuke upesi. Dada, ilitoka siki ya kung'arishia masufuria.

Sasa nikuambie nililomficha hata mama. Jumapili, wifi alipokwenda kubadili nguo, nilimwaga chai yake nikajaza siki yangu mtungini mwake. Nikajisogeza karibu na baba, nisikose kumwona akikunja uso. Wifi akarudi, akamchanganyia; baba akanywa glasi yote, akaomba nyingine, akamwambia wifi kwamba leo amejipita mwenyewe. Wifi kakabidhiwa sherehe. Mimi nimekabidhiwa ndimu, nizikate.

Kwa hiyo kilichosifiwa ni changu, na siwezi kukidai. Fanya hima uje, unishauri mtu anadaije sifa bila kukiri hila.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Wifi naye anakusalimu, kama kawaida yake.

Mdogo wako,
mwenye roho nyeupe

Nilisahau: baba ana mafua tangu Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili hiyo, hasikii ladha wala harufu.