Neno Nililomfundisha Papa Bahati

Mama Furaha, mke wangu mpendwa,

Tangu tukuzike hujanisikia nikikosoa matamshi ya mtu, na nadhani unapumzika kweli. Leo nakuandikia kuhusu neno moja la Kiingereza, kwa sababu wewe ndiye uliyeumizwa nalo.

Unalikumbuka benchi letu la mtaa wa Mabanga. Jumapili, baada ya misa, majirani walikuja uani kujifunza Kiingereza, nawe ukitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kando yetu. Somo la kwanza lilikuwa uraia. Niliwaambia kwamba Congolese ni raia wa Congo, awe Mshi kwa kabila kama mimi au mzaliwa wa kijiji cha Kalengera anayesema Kinyarwanda kama wewe. Rwandan ni raia wa Rwanda. Lugha aliyonyonya mtu kwa mama yake haibadilishi jambo hilo. Papa Bahati, tuliyepakana naye ukuta, alilishika somo kuliko wote. Kisha alibaki kula, akikutania kwamba mwalimu alioa sufuria, wewe ukaja juu yake kama kifuniko.

Ndipo mlima wa volkano ukapasuka na moto wake ukaukata mji. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, pamoja na familia yake, mtoto wao wa mwisho akiwa mgongoni kwako. Wakati ule waasi walioungwa mkono na Rwanda walikuwa wameushika mji wetu, na watu walikuwa wameanza kuwaona wasemao Kinyarwanda kama wageni. Nilidhani mambo hayo hayajafika kwenye benchi letu.

Huko Gisenyi mzungu mmoja, mwanamke asiyejua Kifaransa, alikuwa akiwagawia mablanketi waliotoka Congo. Alikusikia ukimwuliza mwenyeji mmoja mahali pa maji, kwa Kinyarwanda, basi mzungu akasita kukupa blanketi. Ukamwambia kwa Kiingereza nilichokufundisha kwamba wewe ni Congolese. Nyuma yetu sauti ikasema, "She is not Congolese."

Niligeuka. Alikuwa Papa Bahati. Mwanawe bado alikuwa mgongoni kwako.

Nimesahihisha Kiingereza maisha yangu yote. Sentensi ile ilikuwa safi kabisa, na ilikuwa uongo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulijua neno vizuri namna ile, kisha amnyang'anye nalo uraia mwanamke aliyemlisha.

Wewe hukupaza sauti. Ulimfungua mtoto, ukamrudishia, ukamwuliza, "Papa Bahati, ile sombe ulikulaka juzi kwangu, ilikuwa ya inchi gani, ya Congo ama ya Rwanda?"

Waliokuwa kwenye mstari wakacheka. Yeye akatazama chini. Blanketi hukupata.

Ulipofariki alikuja, akabeba jeneza lako pamoja na wengine. Swali lako hakulijibu, nami sikumkumbusha.

Sasa uasi mwingine umetufikia. Jana binti yetu Furaha, ambaye sura yake ni yako, alifukuzwa sokoni na vijana wanaomfahamu tangu utoto. Wakamwambia arudi kwao. Kwao! Alifika nyumbani, akaanza kutwanga sombe. Papa Bahati alisikia kinu, akaja akaketi kwenye benchi. Siku hizi anatembelea fimbo. Nilimweleza yaliyotokea, kwa maneno machache. Furaha akampa sahani, kama ulivyokuwa ukifanya. Alikula kidogo, akaisukuma pembeni.

"Furaha," akasema, "mama yako aliniulizaka kitu kule Gisenyi, sikumujibu. Ile sombe ilikuwa ya inchi yetu. Na yeye alikuwa mutu wa inchi yetu. Kesho twende wote sokoni. Nitawaambia mbele yako."

Jibu ni sahihi, Mama Furaha. Kwako limechelewa, na sitampunguzia kosa hilo. Naomba tu lisichelewe kwa mtoto wetu. Wameondoka asubuhi hii, yeye na kikapu chake, mzee na fimbo yake, nami nakuandikia nikiwa nimelielekea lango.

Pumzika, mke wangu. Mimi bado nawangoja.

Mume wako,
Papa Furaha