Mapigo Tisa Ambayo Hatukuyasikia

Kaka yangu,

Nimerudi Kibondo na miguu yangu yote miwili, na ngoma mgongoni. Tangu niteremke kwenye lori watu wananiuliza kama ni kweli ulikimbia. Majeruhi waliotangulia ndio walioleta neno hilo, lakini lilitoka kinywani mwangu kwanza. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, isomwe hata Kasulu.

Unakumbuka siku ya kwanza ya mafunzo ya mgambo, ulipofika uwanjani na ngoma ya baba begani? Sajini alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Nyie Waha, mnakwenda vitani au harusini?"

"Harusini tunapiga kwa mikono miwili, afande," ukamjibu. "Vitani mmoja unatosha, wa pili ni wa bunduki."

Baada ya wiki mbili alikuwa anatutembeza kwa ngoma yako, hatua mia na kumi kwa dakika. Nilizihesabu.

Baba alimpigia mwami, mfalme wetu, ngoma enzi zile, na sheria ya ngoma hiyo ulitufundisha sote: ngoma ya vita ina hesabu, anayeinuka kabla ya pigo la mwisho anaua wenzake. Kule Uganda, redio ya kikosi ilipopigwa risasi, sajini akakugeukia wewe. Mapigo arobaini, halafu tutoke mferejini kwa pamoja. Nilikukataza. Nilikwambia mpiga ngoma hulengwa wa kwanza, maana anajitangaza mwenyewe.

"Mdogo wangu, wewe hesabu tu."

Nikahesabu. Pigo la thelathini na moja, kombora likaangukia upande wako, nje ya mfereji. Kimya. Tulikuwa kumi na wawili mferejini na hakuna aliyeinuka, kwa sababu yalibaki tisa. Kombora la pili lilimkata Ruhaga kiunoni; vidole vyake vikaendelea kuufinya mkanda wangu. La tatu liliua wanne. Damu ikanijaa mdomoni, na haikuwa yangu. Hapo nikapiga kelele, "Amekimbia! Inukeni, amekimbia!" Tukainuka saba. Nilimchoma askari mmoja singe ya shingo, nikaichomoa, nikamchoma tena, na niliyemchukia wakati ule ni wewe.

Kisha nikakukuta. Ngozi ya ngoma imepasuka, na wewe umepasuka tumbo, kijiti bado mkononi. Elia wa Kasanda, aliyekuwa anakubebea ngoma, alikuwa hai lakini taya lote limekwenda. Nikamfokea: kwa nini aliacha kupiga? Akakuchomoa kijiti, akagonga ubavu wa ngoma, mbao tupu, mara tisa. Kisha akakunyooshea kidole.

Ulimaliza. Sauti ya mbao haikufika mferejini, basi.

Nilikuzika mwenyewe, hatua kumi na nane kutoka mgomba uliobaki umesimama. Na bado nina hasira na wewe. Nilikukataza!

Jana baba aliiweka ngoma uani, shoka mkononi. Unajua kwetu ngoma ya aliyekimbia ni kuni.

"Alipiga mangapi?" akauliza.

"Arobaini."

"Wenzako wanasema thelathini na moja."

"Hayo ndiyo tuliyoyasikia, baba. Tisa aliyapiga kwenye mbao, utumbo uko nje. Aliyesema amekimbia ni mimi."

Alinipiga kofi moja, mbele za watu. Halafu akaliweka shoka chini.

Asubuhi hii kuna ngozi mbichi ya ng'ombe imelowekwa kwenye karai mlangoni, kando ya ngoma. Lala hapo hapo kwenye mgomba wako, kaka. Nimeshawaambia kuwa hukukimbia.

Mdogo wako, niliyehesabu vibaya