Kwa Védastine, Aliyefanya Kazi Bila Dirisha

Hukuwa na glovu, ila zile za kuoshwa na kuanikwa kwenye kamba kama soksi za mtoto. Hukuwa na kitambaa cha kufunika mdomo. Hukuwa na mpira wa kuvutia dawa kwenye mrija wa kioo. Mpira huo uliibwa mwaka wa vita pamoja na viti, na badala yake ukatumia mdomo wako mwenyewe. Hukuwa na mtu wa kukupokea zamu. Hukuwa na yale maziwa ambayo watu wa maabara waliahidiwa. Hukuwa na dirisha. Mwaka umetimia, mwanetu, tangu ututoke, na katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichofika.

Ulirudi kutoka shuleni Bukavu mwaka 1995. Waliokuwa wakiijua kazi ya maabara hapa Cyangugu, wengine walikuwa wameuawa, wengine wamevuka mto wakaenda kambini. Kituo cha afya kikakupa stoo ya mahindi, darubini moja na taa ya spiriti. Mlango ulikaa umefungwa, maana upepo wa ziwa ulizima moto, na bila moto makohozi hayashiki kwenye kioo. Humo ndani ulipaka, ukakausha, ukasoma, ukivuta hewa ileile kutwa nzima.

Watu wa kisiwa cha Nkombo walikuja kwa mitumbwi, vikopo vyao vya makohozi vimefungwa kwa majani ya mgomba. Hukumrudisha mtu kwa sababu amechelewa. Uliwaita kwa majina yao, na aliyeonekana na kifua kikuu ulikaa naye kwenye benchi ukamwambia mwenyewe, ingawa kazi hiyo haikuwa yako.

Nyumbani ulinawa hadi kwenye viwiko kabla ya kumsalimia mama yako. Sambaza, zile samaki ndogo za ziwani, ulizitaka zimekaangwa mpaka zinavunjika, na ulianza kula vichwa.

Kwenye harusi ya Héritier, binamu yako, chungu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kilizungushwa na mrija mmoja, kama desturi. Kilipokufikia ukakipitisha bila kuugusa mrija. Shangazi yako Marguerite hakukuachia.

“Muone docteur wetu! Anaogopa mate ya familia. Kesho atatuambia tunawe sabuni mbele ya kumusalimia.”

“Tantine, mate yenu haina shida,” ulimjibu. “Niko naogopa yangu.”

Watu walicheka, nasi tulicheka. Wiki ile ulikuwa umeweka makohozi yako mwenyewe chini ya darubini, na hukuwa umemwambia mtu.

Ulianza dawa. Kisha vita vya ng'ambo ya mto vikawaka upya, njia zikafungwa, dawa zikakatika. Ulirudi mezani kabla hujapona kwa kuwa foleni ilikuwa imefika getini. Sokoni Kamembe walisema ni ule ugonjwa mwingine. Kaburini mkurugenzi wa kituo alisema umekufa kwa ugonjwa wa kawaida. Baba yako, Mzee Ntabaza, alikuwa amesimama karibu naye, kofia mkononi. Kawaida kwa nani? Siku ile hakuuliza. Anauliza sasa.

Mwezi uliopita mkurugenzi alikuja nyumbani. Mama yako Mukabalisa akamwekea chai.

“Mzee, hatukuwasahau,” alisema. “Kiti cha marehemu tumekiwekea mdogo wake. Na batu bengi banakitafuta, mujue.”

“Na dirisha?” baba yako aliuliza.

“Dirisha gani, Mzee?”

“La kile chumba.”

“Ah, dirisha ni mambo ya bajeti. Lakini kiti kiko.”

“Kunywa chai yako taratibu, Directeur,” mama yako alisema. “Hapa kwetu hakuna hatari. Tuko na madirisha mawili.”

Alikunywa nusu akaaga.

Tulidhani mdogo wako Ikirezi angekataa. Amemaliza shule ileile, cheti chake ni kama chako. Lakini jioni ile alisema, “Papa, mie nitaenda.”

“Utaenda wapi? Mule tulimotolea dada yako?”

“Banakuja na mitumbwi, banarudishwa na vikopo vyao. Mwaka muzima sasa. Nani atabasomea?”

“Si wewe.”

“Basi nani, Papa? Utaje jina.”

Baba yako akachukua kofia yake akatoka. Alikasirika kwa sababu sauti aliyoisikia ilikuwa yako, na ubishi ulikuwa wako pia. Kumzuia kulikuwa ni kuwarudisha wagonjwa wako. Kumwachia kulikuwa ni kuchimba kaburi la pili mapema. Mkurugenzi alitaka jibu, na wewe hukuwepo kuulizwa.

Baba yako ni seremala. Kuandika alijifunza akiwa mtu mzima, katika masomo ya jioni ya parokia, na hamwombi mtu amwandikie. Jumapili, baada ya misa yako ya kutimiza mwaka, alikaa mezani akaandika jibu kwa mkono wake:

“Bwana Mkurugenzi, pesa hatuombi, na kiti hatukishukuru. Tunaomba ruhusa ya kutoboa ukuta wa upande wa ziwa. Dirisha litakaa juu, ili upepo upite bila kuifikia taa. Mbao ni zangu, na fremu nimekwisha kuipiga randa. Mpira wa kuvutia dawa mtanunua ninyi. Siku vitu hivyo viwili vitakapokuwepo, binti yangu Ikirezi ataingia kazini. Kabla ya siku hiyo hataingia, na mtu mwingine yeyote mtakayemweka mule, tutakuja kumwambia mzazi wake Védastine alikufa kwa nini.”

Ikirezi aliisoma barua mara mbili. “Nakubali,” alisema, akatafuta kalamu.

Waliotia sahihi ndio wanaokukumbuka, na watakukumbuka siku zote za maisha yao: baba yako Ntabaza, mama yako Mukabalisa, mdogo wako Ikirezi, binamu yako Héritier, na shangazi yako Marguerite, aliyevuka mpaka asubuhi hiyo kwa ajili ya misa yako na akadai jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Mama yako akachukua tonge la bugali, akaipaka, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Kesho yake Ikirezi akaipeleka kituoni.